Sikio la Sajini

"Huyu kondoo ni wa nani?"

Isaac Relph aliuliza akiwa mlangoni mwa ghala, mabuti yake ya mpira yakichuruzika maji, kikombe cha chai mkononi. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyeamka akakuta ng'ombe wa jirani amelala sebuleni kwake.

Lorna, binti yake, hakugeuka. Alikuwa akifuta brashi kwa kitambaa. Usiku uliopita alikuwa amelala vizuri kwa mara ya kwanza katika siku tisa, maana picha ilikuwa imekwisha.

"Baba, ni saa mbili asubuhi. Usinianze."

"Nimeuliza, huyu kondoo ni wa nani?"

"Ni Meja. Kondoo wako mwenyewe. Yule aliyeshinda. Yule unayemwimbia ukidhani hatukusikii."

"Simwimbii."

"Unamwimbia, Baba."

"Basi huyu siye ninayemwimbia." Isaac akasogea, akanyoosha kidole. "Tazama sikio."

Lorna akatazama sikio. Kitambaa kikamtoka mkononi.

Katika bonde lile la milima ya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, kila shamba lina alama yake, na alama haibadilishwi mpaka ukoo uishe. Kondoo wa kina Relph hukatwa ncha ya sikio la kushoto, kisha hupakwa mstari mwekundu nyongani. Kondoo wa kina Birkett, ng'ambo ya mto, huchongwa pengo kwenye sikio la kulia, kisha hupakwa mstari mwekundu begani. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sasa pale kwenye picha sikio la kushoto lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. La kulia lilikuwa na pengo. Na begani ulipita mstari mwekundu, rangi bado mbichi, uking'aa kama jeraha.

"Ni simu," Lorna akasema haraka. "Nilimchora kwa kuangalia picha za simu. Simu nyingine hugeuza, kulia inakuwa kushoto."

"Hebu tuione."

Akaitoa mfukoni, akaifungua. Meja alikuwa amesimama pale kama alivyoumbwa, ncha ya sikio la kushoto imekatwa, mstari uko nyongani. Simu haikugeuza kitu.

"Na si sikio tu," Isaac akaendelea. Alikuwa mtu wa kusema kidogo, ila habari za kondoo zilimfungua mdomo kama ufunguo. "Meja ana pua ya askofu. Huyu pua yake imevimba upande mmoja. Na hilo jicho! Meja hajawahi kumdharau mtu. Huyu ananitazama kama mimi ndiye niliyemkosea. Najua kondoo mmoja tu aliyekuwa na jicho la namna hiyo. Huyu ni Sajini. Ni yule mkongwe wa Amos Birkett, aliyekufa Februari. Siku tisa umejifungia humu, unakula biskuti, unanichorea maiti ya Amos Birkett!"

Lorna akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Baba yake alisema kweli.

Kesho yake kungekuwa na mkutano wa wafugaji. Kila Novemba mabonde yote matatu hukutana kwenye baa ya kijijini kurudishiana kondoo waliopotea mlimani, na mwaka huu walikuwa wamekubaliana kutundika ukutani picha ya dume aliyeshinda maonyesho. Kazi akapewa Lorna. Alipokuwa na miaka kumi na sita alikuwa akiwachorea mbwa na kondoo wao, na picha zake zilikuwa bado zimetundikwa kwenye majiko ya nusu ya watu wa bonde. Kisha akaenda Leeds kusoma sheria. Miaka minne hakushika brashi. Julai akarudi na shahada yake, mama yake akaiweka kwenye fremu juu ya jiko, na kila aliyeingia kunywa chai alilazimishwa kuisoma. Kazi nayo ilikuwa imepatikana, ofisi ya mawakili mjini Kendal. Aanze Jumatatu.

Lorna aliwaambia wazazi wake kwamba haitaki. Aliitaka brashi. Ugomvi ukachukua wiki tatu, ukaisha kwa maneno ya Isaac: "Mchore Meja. Siku ya mkutano watu wakimtambua, wakisema huyu binti bado ana mkono, sitakuzuia. Wakicheka, Jumatatu unapanda basi la Kendal na sitaki kusikia habari za rangi tena."

Sasa watu wangecheka mpaka Pasaka.

"Nitamchora upya," akasema.

"Kwa siku moja?"

"Kwa siku moja. Lakini sichori kwa picha tena. Mlete Meja hapa. Nimtazame usoni."

"Nani atamshika? Kiuno changu hiki hakiwezi hata kumshika paka."

Dorothy, mama yake Lorna, alikuwa ameingia na sahani ya mkate wa kukaanga bila kuitwa. Aliitazama picha, akamtazama mumewe, akamtazama binti yake, akashusha pumzi ya mtu aliyechoka na ukoo mzima. "Usinitazame mimi, Isaac. Nina pai arobaini za nyama za kupeleka kesho. Na wewe, Lorna, suti yako nimeipiga pasi. Najua hutaki kusikia, ila nimeipiga."

Wakati huo huo mbwa wakabweka, na gari lenye tela likaingia uwanjani.

Lorna alilijua lile gari kwa mlio. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Akajipangusa shavu, akazidi kujipaka rangi.

Jonty Birkett, mwana wa Amos, alishuka, akafungua tela, akamtoa kondoo jike mwenye mstari mwekundu nyongani. Alikuwa kijana mrefu, masikio yake mekundu kwa baridi, na shingo yake imezama kwenye kola kama kobe. Miaka minne ilikuwa imempanua mabega. Vingine vyote ilikuwa imeviacha palepale, hata ile tabia ya kutazama buti zake wakati watu wengine wangesema habari za asubuhi.

Isaac hakumkaribisha. Miaka kumi na miwili iliyopita, siku ya maonyesho, Isaac alisema mbele ya watu kwamba Amos Birkett anampaka kondoo wake unga mwekundu mzito ili kuficha sufu mbovu. Kila mtu hupaka unga mwekundu siku ya maonyesho, ndiyo desturi. Lakini kumwambia mtu kwamba anaficha kitu ni kama kumwambia kwamba mkewe ana meno ya bandia. Tangu siku hiyo nyumba hizi mbili zilipungiana mikono kwa lazima makaburini tu.

"Nimemleta kondoo wenu," Jonty akasema. "Alikuwa na wetu kule juu."

"Mkutano ni kesho, kijana. Waliopotea hurudishwa kesho."

"Najua, mzee."

"Sasa mbona umemleta leo?"

Jonty akafikiri. "Anachechemea."

Wote wanne wakamtazama yule kondoo. Akavuka uwanja mbio, akaruka beseni la maji, akaingia bustanini kwa Dorothy akaanza kula kabichi.

"Hachechemei," Isaac akasema.

"Amepona njiani."

Dorothy akageuza uso haraka, akajifanya anakohoa. Kisha, kwa sauti ya mwanamke mwenye pai arobaini, akasema, "Jonty, una kazi gani leo?"

"Dorothy!" Isaac akaita.

"Nini, Dorothy? Unataka picha au hutaki? Kijana ana mikono miwili na kiuno kizima. Amshike huyo Meja. Wewe nenda kanitolee kondoo kwenye kabichi."

Isaac akafungua mdomo, akakumbuka kiuno chake, akaufunga. Kabla ya kutoka alikwenda kwenye ile picha, akaigeuza ielekee ukutani. "Hii asiione Birkett yeyote," akamnong'oneza binti yake. "Nitajificha wapi?"

Meja akaletwa, wakabaki watatu: Lorna, Jonty na Meja.

Jonty alimkalisha Meja katikati ya magoti yake, mkono mmoja chini ya taya. Lorna akaweka kitambaa kipya cha kuchorea juu ya kibao chake, akaanza. Kwa nusu saa hakukusikika kitu ila mvua juu ya bati na Meja akicheua. Mkono wa Lorna ulikuwa mzito. Alichora pua, akaifuta. Akachora tena, akaifuta. Kila alipoinua macho amtazame kondoo, macho yalikwama kwenye ule mkono ulioshika taya: mkono mpana, umepasukapasuka kwa baridi, na kidole gumba kikimkuna Meja chini ya kidevu taratibu, mwenyewe hata hajui kama anakuna. Lorna alikijua kile kidole. Akaudhika nacho. Mtu asiyekuandikia miaka minne hana haki ya kuwa na kidole cha namna ile.

"Unamshika juu mno," akasema.

Jonty akamshusha.

"Chini mno sasa."

Akampandisha.

"Hutasema kitu?"

"Kama nini?"

"Kama chochote, Jonty! Miaka minne! Uliza Leeds kulikuwaje. Uliza kama nilikula. Sema mvua inanyesha!"

"Mvua inanyesha," Jonty akasema.

Lorna akaitupa brashi kwenye kopo, maji yakaruka. "Kurasa nne. Nilikuandikia kurasa nne kwa mkono, mbele na nyuma. Nilikaa siku mbili nikilia juu ya ile barua. Unakumbuka ulichonijibu?"

Jonty akatazama buti zake.

"Ulinitumia ujumbe kwenye simu. Neno moja. 'Sawa.' Nilidhani simu imeharibika! Nilikaa nasubiri sehemu ya pili!"

"Uliandika kwamba ni bora kila mtu ashike njia yake."

"Niliandika labda! Labda ni bora! Mwanamke akiandika kurasa nne, Jonty, hajaamua. Akiwa ameamua haandiki hata mstari!"

"Mimi sikujua hilo."

"Hukujua! Mtu mzima, unajua kondoo ana mimba kwa kumtazama kisogo, hujui barua!"

Meja akapiga chafya. Jonty akampangusa pua kwa mkono wa koti lake, na alipoinua uso masikio yake yalikuwa yamezidi kuwa mekundu.

"Nilikuja," akasema.

"Ulikuja wapi?"

"Leeds."

Mvua ikanyesha peke yake.

"Lini?"

"Jumamosi moja, baada ya barua. Kabla ya ule ujumbe." Alikuwa akiyatoa maneno moja moja, kama mtu anayetoa miiba mguuni. "Nilizunguka ile mitaa yenu mara saba. Hakuna pa kuegesha. Kila niliposimama alikuja mtu wa koti la njano akanifukuza. Nikamwambia dakika tano tu. Akasema hata moja. Mtu mwingine akanipigia picha. Mara ya saba nikapotea, nikatokea kwenye barabara kuu, nikaona inatosha. Nikarudi nyumbani."

"Kila mtu anapata pa kuegesha Leeds, Jonty. Watu laki saba wanaegesha!"

"Si wakiwa na tela."

"Kwa nini ulikuja na tela?"

Jonty akamtazama Meja kana kwamba Meja angemsaidia. "Alikuwemo Sajini."

"Ulimleta kondoo Leeds?"

"Uliandika kwenye barua," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na ukali wake yeye, ukali wa mtu aliyekaa na jambo miaka minne bila mtu wa kumwambia. "Ukurasa wa tatu. Ulisema unasahau. Ulisema ukifumba macho huoni tena sura ya hata kondoo mmoja, na mtu asiyeweza kuona sura hana haki ya kujiita mchoraji, afadhali asome sheria anyamaze. Sasa mimi ningekujibu nini? Mimi si mtu wa maneno. Nikasema nitamletea mmoja amtazame. Nikamchukua Sajini kwa sababu ndiye uliyejifunzia. Nikamwogesha. Nikampaka hata unga mwekundu. Nikafika, hakuna pa kumshusha. Nikajiona mpumbavu mkubwa kuliko wote Uingereza. Nilipofika nyumbani sikuwa na la kusema. Nikasema sawa."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ule ulimpata Lorna kifuani. Alimwona. Aliliona lile gari chakavu likizunguka chini ya dirisha lake la ghorofa ya tatu, yeye akiwa juu na vitabu vyake vya mikataba, na kwenye tela kondoo amepakwa unga mwekundu kama bwana harusi, akiwatazama watu wa Leeds kwa lile jicho la dharau. Mara saba. Alitaka kucheka, alitaka kumpiga kwa kibao. Asijue la kufanya kwanza, akafanya la tatu: akaenda ukutani, akaigeuza ile picha.

"Tazama basi," akasema. "Tazama nilichofanya. Nilikuwa namchora Meja. Siku nane mkono ulikuwa mti, siupati uso. Jana mchana ukafunguka wenyewe. Nikachora kichwa kizima kwa saa tatu, naimba, nasema sasa nimerudi, sasa ni mimi. Asubuhi Baba akaja akauliza kondoo ni wa nani."

Jonty hakutazama buti zake. Alitazama picha. Alitazama pua iliyovimba upande, kovu dogo juu ya jicho ambalo hata Isaac hakuliona, sikio la kulia na pengo lake. Akasahau kumshika Meja, naye akajitoa taratibu, akaenda kula biskuti za Lorna, wala hakuna aliyemzuia.

"Alikufa Februari," Jonty akasema. "Theluji. Nilikaa naye ghalani. Hatuna picha yake hata moja. Baba hapendi simu."

"Najua. Pole. Ningekuandikia, ila niliogopa utanijibu neno moja."

Hakucheka. Akapiga hatua, akasimama karibu naye mpaka Lorna akasikia harufu ya sufu mbichi na mvua kwenye koti lake, harufu aliyoitafuta Leeds nzima asiipate.

"Hukusahau," akasema.

Lorna akatikisa kichwa.

"Miaka minne, hata kovu hukulisahau."

"Niliwasahau wote, Jonty. Mmoja tu ndiye aliyebaki. Na sio kwa sababu yake yeye."

Alimwelewa. Ilimchukua muda, lakini alimwelewa. Jambo hilo lilionekana likimpanda usoni kama jua likipanda ukuta. Akainua ule mkono wake mpana, kidole gumba kikamgusa Lorna shavuni palepale penye rangi, kikashuka taratibu hadi chini ya kidevu, na Lorna akafumba macho akawaza, mbingu zinisaidie, ananikuna kama kondoo, na sitaki aache.

"Naona mnachora kweli kweli," Isaac akasema kutoka mlangoni, kabichi iliyotafunwa mkononi. "Na huyo mnayemchora anakula kopo la brashi."

Wakaachana kama waliochomwa moto. Isaac aliitazama picha iliyogeuzwa, akamtazama Jonty, akaona macho ya kijana yamelowa. Alikuwa na maneno tayari. Lakini mfugaji anamjua mtu anayemlilia kondoo, na hilo halina cha Relph wala Birkett. Akayameza maneno yake.

"Saa nne imepita," akasema. "Mshikeni huyo Meja."

Wakamshika. Lorna alichora mpaka mwanga ukaisha, akaendelea kwa taa. Safari hii hakuuachia mkono ukumbuke. Aliyalazimisha macho yatazame, na kila alipopotea Jonty alisema, "Pua," au "Hapana, sikio la kushoto," na neno moja likatosha. Saa moja jioni Isaac alikuja, akasimama mbele ya kibao, kofia mkononi.

"Ndiye?" Lorna akauliza.

Isaac alikuwa anaimba, chini chini, bila kujua.

Jumamosi baa ilijaa mpaka madirisha yakatoka jasho. Desturi ya mkutano ni moja: hakuna bia kabla ya waliopotea kurudishwa, na anayerudishiwa hupokea kwa mkono na kumnywesha aliyeleta, hata kama ni adui yake. Lorna alikuwa ameshika picha ya Meja, amefunika kwa shuka lisilogusa rangi. Mama yake alikuwa na pai. Baba yake hakuonekana. Kisha mlango ukafunguka, Isaac akaingia kwa upande, amekumbatia kitu kikubwa kifuani kama mtu aliyebeba mlango.

"Baba, hapana," Lorna akanong'ona. "Baba, bado mbichi!"

Isaac hakusikia. Alienda moja kwa moja mpaka alipokaa Amos Birkett, mzee mwembamba mwenye nyusi kama vichaka. Baa nzima ikageuka. Miaka kumi na miwili hawa wawili hawakuwahi kusimama karibu kiasi kile.

"Amos," Isaac akasema. "Nimekuta kondoo wako kwangu. Sikio lako. Begani mstari wako. Sijui aliingiaje. Nimemrudisha."

Akaigeuza picha.

Amos Birkett hakusema neno. Sasa ilijulikana mwanawe alipolitoa hilo. Aliutazama uso wa Sajini. Akanyoosha kidole, akakirudisha. Nyusi zake zikashuka, midomo ikamcheza. "Sufu yake," hatimaye akasema, sauti imekwaruza, "ilikuwa nzuri."

Neno lile lilikuwa limemkwama Isaac kooni miaka kumi na miwili, mavi ya kale, na bado yalinuka. "Ilikuwa nzuri," akasema. "Nilikuwa nimeshindwa. Nikasema ujinga."

Hapo ndipo Amos alipoinua macho, akaona koti la Isaac. Koti lake la Jumapili, la sufu ya kijivu. Begani, kutoka upande hadi upande, rangi ilikuwa imehamia: mstari mwekundu mnene, palepale panapostahili, alama ya kina Birkett tangu mababu.

"Isaac," Amos akasema polepole. "Na huyu wa pili nimrudishe kwa nani?"

Isaac akajitazama bega. Baa ikalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Kuna mmoja alitaka kumkagua Isaac masikio. Dorothy alicheka huku analia, akipaza sauti kwamba koti hilo lilitoka kwa dobi jana tu. Na Isaac mwenyewe, mwekundu kuliko mstari, akasema kwa uchungu, "Huyu binti! Shahada ya sheria, miaka minne, na hawezi kumwambia baba yake rangi haijakauka!"

"Nilikwambia!"

"Ulinong'ona!"

Lakini Amos alikuwa ameshamshika mkono, ameshaita bia mbili. Na shuka la Meja lilipotolewa, hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa bonde la juu alisema tu, "Ndiye." Kisha mwingine akamuuliza Lorna kama huchora mbwa. Mwingine akasema yeye ana dume ambaye hatamaliza majira ya baridi, na angependa amwone ukutani kabla hajaondoka.

Dorothy akamsogelea binti yake. "Ile suti," akasema.

"Mama..."

"Nasema, ile suti niliyoipiga pasi. Nitaitundika kabatini. Usije ukaivaa ukichora." Akaondoka na sahani yake kabla Lorna hajaona uso wake.

Lorna alimkuta Jonty nje, chini ya ukingo wa paa, mvua ikimpita puani.

"Siendi Kendal," akamwambia. "Jumatatu nafungua ghala, nachora wanyama, basi. Sema kitu. Na ukithubutu kusema 'sawa', Jonty Birkett, nakutumbukiza mtoni."

Jonty akafungua mdomo. Akaufunga. Alitazama buti zake, akatazama mlima, akatazama gari lake na tela lililosimama nyuma yake. Lorna alisubiri. Alikuwa amesubiri miaka minne. Alianza kuona kwamba atamsubiri huyu mtu mbele ya kila sentensi mpaka awe bibi kizee, na kwamba hilo litamtia wazimu kila siku ya maisha yake, na kwamba hataki wazimu wa mtu mwingine.

"Jumatatu," hatimaye Jonty akasema, "nitaleta kondoo."

"Yupi?"

"Yeyote." Akamtazama, macho kwa macho, masikio yake yakiwaka. "Kwenu kuna pa kuegesha tela?"

Lorna akamshika kola kwa mikono miwili, akamvuta chini kwake.

"Uwanja mzima," akasema. "Uwanja mzima, mjinga wewe."